Chati ya Homa ya Gari la Shangazi

Fundi wa tatu ndiye aliyesema gari la shangazi ling'olewe injekta zote nne liwekwe kabureta, na hapo ndipo damu iliponichemka. Gari lenyewe lilikuwa limeshachemka wiki kumi na moja. Mimi nilihitaji sentensi moja tu.

Habari hiyo niliipata kwa simu siku ya Jumatano, kutoka kwa binamu yangu, mtoto wa pekee wa shangazi. Tunamwita Meneja tangu utotoni, kwa sababu tulipotumwa kuchota maji yeye kazi yake ilikuwa kugawa ndoo. Baadaye akawa meneja kweli, katika ofisi yenye kiyoyozi, na sioni kama kazi ilibadilika.

"Fundi anasema hizi injekta za kizamani ndizo zinazounguza injini," aliniambia. "Anasema siku hizi hakuna tena mtu anayezijua."

"Mimi nazijua."

"Najua, dada. Ila huyu ana gereji kubwa."

Gereji kubwa. Nina miaka ishirini na mbili chini ya magari. Nimefungua injini za injekta tangu zilipokuwa mpya na watu wanaziogopa, na bado naziheshimu, kwa sababu injini ya namna hiyo haikudanganyi ukiisikiliza. Kuing'oa injekta, inayoipimia injini petroli yake, uweke kabureta ya tangu enzi, ni sawa na kumkata mtu mguu kwa sababu umeshindwa kumvua kiatu. Lakini ndiyo dawa yao wote. Wakishindwa kulielewa gari, wanalipunguza mpaka lilingane na akili zao.

"Hata hivyo haina maana tena," Meneja aliendelea. "Ijumaa saa tisa tunakaa kikao kwa mama. Gari linauzwa, na mama anapumzika kuendesha. Ufunguo mmoja ninao tayari."

"Kwa gari kuchemka? Gari likichemka linatengenezwa."

Akashusha sauti, ile sauti ya watu wanaotaka uwahurumie. "Si gari tu. Wiki iliyopita nimemkuta barabarani saa saba mchana, jua la utosi, amewasha hita. Hita, dada. Jasho linamtiririka, na feni ya hita inampulizia usoni. Halafu ana daftari analipimia gari homa. Nimeumia sana kumwona vile. Mama ameanza kuchanganyikiwa."

Nilinyamaza, na yeye akadhani nimeguswa. Nilikuwa natafuta neno ambalo naweza kulitamka kwa mtoto wa shangazi yangu. Mtu yeyote aliyewahi kukwama na gari linalochemka anajua kwamba hita huchukua maji ya moto kutoka kwenye injini, inayatoa joto lake na kukupulizia wewe. Ukiifungua, unakuwa umeliongezea gari rejeta ya pili ya kupozea maji. Utaiva wewe, lakini injini itapona. Mwanamke wa miaka sabini na moja alikuwa anafanya jambo la akili kuliko mafundi watatu kwa pamoja, na kwa jambo hilohilo mwanawe alikuwa anamnyang'anya ufunguo.

"Nakuja Ijumaa asubuhi," nikamwambia. "Gari lisiguswe."

"Kwani utagundua nini ambacho watatu hawakukiona?"

Nikakata simu.

Niseme kwa nini ufunguo ule ulikuwa na uzito. Shangazi alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka thelathini na minane. Aliyemfundisha kazi, mkuu wa wauguzi tunayemwita Metroni hadi leo, amelala kitandani upande wa pili wa mji na ana kidonda cha mgongoni kisichotaka kufunga. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa shangazi humwendea, humgeuza, humsafisha na kumfunga upya. Wanaoishi na Metroni wanamhurumia mno kiasi kwamba wanaogopa kumgusa. Meneja alisema atatafuta dereva wa kumpeleka shangazi "siku akiwa na nafasi." Kidonda hakingoji nafasi ya mtu. Gari lingeondoka, Metroni angeoza taratibu katika shuka safi, na hilo kila mtu kwenye ukoo wetu alilijua na kila mtu alilizunguka.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni na sanduku langu la spana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula nikimaliza."

Alikuwa amevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi, na saa ameibana kifuani kichwa chini, kama alivyokuwa akiivaa kazini. Gari lilikuwa kwenye kivuli cha ukuta, la rangi ya kahawia, limeoshwa hadi kwenye kingo za madirisha. Umri wake ni miaka thelathini na sita. Kabla sijafungua boneti alinipa daftari lenye jalada gumu.

"Dalili zake ziko humu," akasema.

"Nitaliangalia baadaye, shangazi. Ngoja kwanza nilishike gari."

"Sawa," akasema, akaliweka juu ya stuli karibu na mlango, akaingia ndani.

Sitaki kuwachosha, lakini mjue nilifanya kazi kwa hasira na kwa utaratibu, vyote viwili. Nilianza na injekta, kwa sababu ndizo zilizosingiziwa. Injini inayonyimwa petroli hupata joto kupita kiasi, hilo ni kweli, na plagi zake huwa nyeupe kama chaki. Nilifungua plagi zote nne. Zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, moja baada ya nyingine. Mchanganyiko wa petroli na hewa ulikuwa sawa kabisa. Nikazipanga juu ya kitambaa nikazitazama, nikamtukana fundi wa tatu kwa jina la gereji yake kubwa. Angefungua plagi moja tu, moja, asingesema alichosema.

Fundi wa pili alikuwa ameunga waya wa feni moja kwa moja kwenye betri ili izunguke muda wote, na kiungo amekifunga kwa karatasi ya nailoni. Nikakifungua na kurudisha waya mahali pake. Huyo pia alimwambia Meneja kwamba gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, imeungua. Niliwasha injini na mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, nikasubiri mapovu, kwa maana gasketi ikiungua moshi hupenya kwenye maji. Maji yalitulia. Gasketi haikuwa na kosa.

Fundi wa kwanza alikuwa ameosha rejeta, na hapo sina budi kumpa haki yake, aliiosha vizuri. Nilimwaga maji juu yakatoka chini bila kusitasita. Nikapima kama mshale wa joto wa dashibodi unasema kweli, nikatumia kipimajoto changu mwenyewe. Ulisema kweli. Nikakagua na muda wa kuwaka kwa plagi, maana ukichelewa injini hujipika yenyewe. Haukuchelewa.

Nilifunga mfuniko nikaiacha injini izunguke kwa kasi. Mshale ulipanda polepole, ukapita katikati, ukaendelea. Feni iliwaka yenyewe ikavuma. Mshale haukujali. Nikashika mpira wa juu wa rejeta nikautoa mkono haraka. Kisha nikashika rejeta yenyewe upande wa chini, nikauacha mkono pale. Ilikuwa vuguvugu. Ungeweza kumwogeshea mtoto.

Hapo nikajua ninachokitafuta. Injini ilikuwa inatokota, na rejeta, ambayo kazi yake ni kupoza, ilikuwa imekaa tu. Maji ya moto yalikuwa yanapata njia nyingine.

Nikazima, nikasubiri ipoe, nikafungua pampu ya maji. Pampu ile niliifunga mimi mwenyewe mwezi wa tatu. Ilikuwa nzima. Nikatoa thamostati, kile kilango cha bati kinachoziba maji mpaka injini ipate joto, kisha kinafunguka kuyaachia yaende kwenye rejeta. Hiyo nayo niliifunga mimi. Niliingia jikoni kwa shangazi nikaomba sufuria, nikaitumbukiza na kuchemsha maji, kipimajoto kikiwa pembeni. Ilipofika nyuzi themanini na kitu ikafunguka vizuri, kama inavyotakiwa. Nikaisamehe.

Saa sita ilipita na sikuwa na mshukiwa. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, mikono imejaa grisi, nikiwalaani mafundi watatu, Meneja, na watu wote waliowahi kuwaambia wanawake wazee kwamba wanaona visivyokuwepo. Shangazi akaja na kikombe cha chai. Akakiweka juu ya stuli. Kisha akalichukua daftari akaliweka mapajani mwangu, akarudi ndani.

Ilikuwa chati ya wodi. Alikuwa ameipigia mistari kwa rula: tarehe, saa, njia, hita, mshale, maelezo. Mshale aliupa namba, sifuri hadi kumi, na tano ikawa katikati. Njia zilikuwa zilezile kila wiki, mlima uleule, mzunguko uleule, saa zilezile, kwa sababu kidonda cha Metroni kilikuwa palepale. Nimeshika magari maisha yangu yote na sijawahi kuletewa mgonjwa aliyeandikiwa dalili namna ile.

Nilianza mwishoni, kama watu wote wenye haraka. Tisa, nane, tisa. "Hita wazi, umeshuka hadi saba. Nimefika." Nikarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta siku homa ilipoanza. Daftari lilikuwa la miaka miwili. Ukurasa wa kwanza tano, tano, tano. Kurasa nyingi za tano. Hata siku za joto kali, hata mlimani, tano.

Kisha mstari uliopigwa wino mwekundu, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. "Pampu ya maji mpya. Thamostati mpya. Gereji ya binti."

Siku iliyofuata, sita. Mlimani, saba.

Chini yake: "Nimempigia binti. Nimemweleza mshale unapanda. Kasema niangalie maji. Maji yapo."

Na siku mbili baadaye: "Nimempigia binti tena. Kasema niangalie tena. Sauti ina haraka. Maji yapo."

Na siku nyingine: "Hakupokea."

Nikaikumbuka simu ile. Nilikuwa chini ya lori, simu nimeibana kwa bega, na mtu ananiulizia gari lake dirishani. Shangazi alisema neno "mlimani" na neno "saba", na mimi nikamjibu kama ninavyowajibu watu wasiojua mfuniko wa maji uko wapi. Nilimjibu shangazi yangu hivyo, mwanamke aliyeandika joto la watu kila baada ya saa nne kwa miaka thelathini na minane. Simu ilipokatika niliisahau. Hata Jumatano, wakati namchukia Meneja kwa kutonishirikisha, sikuikumbuka. Niliona nimerukwa, kumbe mimi ndiye niliyeambiwa wa kwanza.

Niliinuka na daftari nikaingia ndani. Nilimkuta jikoni anakunja bandeji za Metroni.

"Shangazi, kwa nini hukuniambia asubuhi?"

Hakugeuka. "Asubuhi nilikupa daftari."

Yeye akafuta mikono, akaingia chumbani, akarudi na kopo la biskuti la zamani. Ndani mlikuwa na pampu mbovu ya maji, mkanda wa feni uliokatika, na kitu kidogo kilichofungwa kwa shashi safi kama jino.

"Ulinipa kwenye mfuko ukaniambia nikatupe," akasema. "Wodini kwangu kinachotolewa mwilini hakitupwi kabla hakijatazamwa."

Niliifungua ile shashi. Ilikuwa thamostati ya zamani. Nikaiweka juu ya meza, na pembeni yake nikaweka ile mpya niliyoitoa kwenye sufuria. Mdomo ulikuwa sawa, upana sawa, urefu karibu sawa. Lakini ile ya zamani ilikuwa na kisahani cha pili mkiani, kama kitufe cha shati. Mpya haikuwa nacho.

Hapo kichwa changu kilipata moto kuliko injini yoyote. Gari lile lina njia mbili za maji. Moja inaenda kwenye rejeta, nyingine ni ya mkato, inayazungusha maji ndani ya injini asubuhi ili ipate joto upesi. Thamostati yake inapofungua njia ya rejeta, kile kisahani cha mkiani kinaziba ya mkato. Bila kisahani, ya mkato inabaki wazi siku nzima, na maji, yakiwa na hiari, hupita njia fupi. Nilikuwa nimeweka thamostati ya gari la kampuni ileile, lakini la kabureta. Inaingia kama ya kwake. Hata kwenye sufuria inajibu vizuri, kwa sababu sufuria haiulizi kuhusu mkia.

Na mimi nalijua hilo. Nalijua kama ninavyojua jina langu. Siku ile nilikuwa na magari matatu, nikafungua boksi, nikaona mdomo unalingana, nikafunga.

"Muuzaji aliniambia hii inaingia," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo, mimi niliyekuwa nimewatukana watu asubuhi nzima.

"Iliingia," akasema shangazi.

Nikachukua ile ya zamani nikaitumbukiza kwenye sufuria. Nyuzi themanini na kitu, ikafunguka laini, mkia ukashuka, ukatulia.

Shangazi aliinama akaitazama kwenye maji. "Kwa hiyo ulitoa kizima," akasema. Hakusema kwa ukali. Ningefurahi angesema kwa ukali.

"Nilitoa kizima. Nilisema maadamu nimefungua, nibadilishe na hii."

"Tulikuwa na daktari wa namna hiyo," akasema, akaendelea kukunja bandeji.

Nilirudisha pampu na ile thamostati ya zamani mahali pake, nikafunga gasketi mpya, nikajaza maji na kutoa hewa. Nikaiacha injini izunguke kwa kasi nusu saa nzima juani. Mshale ulifika tano ukasimama. Nikashika rejeta upande wa chini. Sasa ilikuwa na joto, inafanya kazi. Shangazi alisimama pembeni yangu akatazama mshale, akatazama saa yake ya kifuani, akasema, "Nilikuwa na wauguzi wanaokosea dawa. Sikuwa napiga kelele. Aliyekosea aliandika mwenyewe kwenye faili, kwa mkono wake, siku hiyohiyo. Wengine walinichukia kwa hilo." Kisha akaingia ndani kubadilisha aproni.

Saa tisa kamili Meneja alifika na baba mdogo, mdogo wake shangazi, mtu mwema ambaye hukubaliana na aliyesema mwisho. Tulikaa sebuleni. Daftari lilikuwa juu ya meza, kalamu imelala juu yake.

Meneja alianza kwa upole. Alisema mama amefanya kazi sana, sasa apumzike. Alisema gari ni zee. Alisema mafundi watatu wameshindwa.

"Gari limepona," nikasema.

"Limepona leo."

"Limepona. Kulikuwa na kifaa kisicho chake, nimekitoa."

Angeniuliza nani alikiweka, ningeweza kusema chochote. Fundi wa tatu alikuwepo, amejileta mwenyewe, anafaa kabisa. Hakuna aliyejua zaidi ya shangazi, na shangazi alikuwa amekaa tu, mikono mapajani. Nakiri nililifikiria jina la gereji kubwa, na lilikuwa tamu mdomoni.

Lakini Meneja hakuuliza. Aliegemea kiti. "Sawa, hongera. Ila dada, shida yangu si gari, ni mama. Gari leo zima, kesho litakuwa na kingine. Mama hawezi tena kujua nini kinaendelea. Anawasha hita juani. Anaandika namba. Mafundi watatu wazima hawakuona kitu, yeye aliona nini?"

"Kweli," akasema baba mdogo.

Hasira iliyonipanda wakati ule ilikuwa tofauti na ya asubuhi. Ya asubuhi ilikuwa na raha yake, maana nilikuwa nje ya kosa. Hii ilikuwa imenikamata shingoni. Niliona kwamba siwezi kumsafisha shangazi bila kufungua ukurasa ule, na ukurasa ule ulikuwa na mimi.

Nikalifungua daftari, nikasoma kwa sauti. Nilisoma zile tano za miaka miwili, wiki baada ya wiki, mpaka Meneja akaanza kuchezesha mguu. Nikasoma wino mwekundu. Pampu ya maji mpya. Thamostati mpya. Gereji ya binti. Nikasoma sita, nikasoma saba. Nikasoma, nimempigia binti, kasema niangalie maji, maji yapo. Sauti ina haraka. Hakupokea.

Meneja aliacha kuchezesha mguu. Kisha akacheka, kwa kweli alicheka. "Subiri. Kwa hiyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wewe ndiye uliyeharibu gari la mama, halafu mafundi wa watu umewadharau."

"Ni mimi niliyeharibu. Kifaa kile nilikiweka mimi. Na mama yako alijua kesho yake, kabla ya mtu yeyote, kwa mshale na kalamu tu. Akaniambia mimi mwenye spana, nikamwambia aangalie maji. Akatafuta mwenyewe namna ya kufika bila kuua injini, akagundua hita. Hakufundishwa na mtu. Wiki kumi na moja ameendesha tanurini ili Metroni asilale na uchafu, na injini ile haina hata ufa. Hakuna fundi angelitunza hivyo gari lililoharibiwa na mwingine."

Sikuwa nimemaliza. Nikasoma mstari wa wiki iliyopita. "Mwanangu kanikuta na hita wazi. Nimemweleza sababu. Kasema nimechanganyikiwa. Kachukua ufunguo mmoja."

"Nimemweleza sababu," nikarudia. "Alikueleza, Meneja?"

Meneja alimtazama mama yake. "Alisema kitu kuhusu hita. Nilikuwa na kikao."

"Duh," akasema baba mdogo.

Nikachukua kalamu. Chini ya wino mwekundu wa mwezi wa tatu palikuwa na nafasi ya mistari miwili, wazi, na ndipo nilipoelewa kwamba haikuachwa kwa bahati. Niliandika: "Thamostati haikuwa ya gari hili. Kosa ni langu. Niliambiwa mara mbili, sikusikiliza." Nikatia sahihi na tarehe ya siku hiyo. Grisi ya vidole ikabaki kwenye karatasi.

Shangazi alisoma, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafunua hadi ukurasa wa mwisho, akaligeuza daftari taratibu mpaka likamwelekea mwanawe, akaweka kalamu katikati. Chini ya mstari uliomhusu napo palikuwa na nafasi.

"Mama, mimi niandike nini? Mimi si fundi."

"Andika ulichokiona, baba. Kisha andika ulichokisema."

Alishika kalamu. Aliitazama nafasi ile, mtu aliyezoea kusaini karatasi za wenzake. Kisha akaiweka kalamu chini, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo na kuuweka juu ya ukurasa.

Shangazi akauchukua ufunguo. Daftari hakulifunga. "Nafasi yako ipo," akamwambia. Akainuka, akachukua kikapu cha bandeji, akaniangalia mimi. "Saa tisa na nusu. Metroni ananingoja."

Aliendesha yeye. Mimi nilikaa pembeni yake na daftari mapajani, madirisha wazi, hita imefungwa. Tulipofika mlimani malori yalikuwa yamejipanga mbele yetu, tukapanda polepole kwa gia ya pili, jua likitupiga usoni. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye mshale kana kwamba ningeweza kuushika chini kwa kuutazama.

"Ngapi?" akauliza. Alikuwa anauona mwenyewe.

"Tano."

"Andika."

Nikaandika saa, njia, hita sifuri, mshale tano. Ikabaki safu ya maelezo. Nikafikiri kidogo, nikaandika: "Alituambia."

Tulipofika kileleni alitupa jicho kwenye karatasi. "Hiyo si dalili," akasema.

"Najua, shangazi."

Akabadilisha gia. "Iache," akasema.